Faili Haijaharibika, Imesomwa Vibaya: Kwa Nini Herufi Hugeuka Ndani ya Kompyuta



Vikundi vingi siku hizi havitumii daftari peke yake. Daftari lipo, na ni vizuri liwepo, lakini katibu pia hupeleka orodha ya wanachama kwenye kompyuta, au humpa kijana wa saiba amwandikie. Kumbukumbu za mkutano, majina, michango ya kila mwezi, yote huingia kwenye faili. Faili husafiri kwa flashi, kwa barua pepe au kwa simu mpaka benki, ofisi ya kaunti au kwa mfadhili.

Mara nyingi hufika salama. Lakini kuna siku faili hufunguliwa huko iendako na kuonyesha maajabu. Palipoandikwa ng’ombe panasomeka ng’ombe. Murang’a imekuwa Murang’a. Mwanachama aitwaye Wanjikũ amekuwa WanjikÅ©.

Hapo maneno huanza. Mmoja atasema ni virusi. Wa pili atasema katibu hajui kazi, tumchague mwingine. Wa tatu atasema shida ni hizi lugha zetu, kompyuta haizijui, kwa hivyo tuandike Kiingereza tu. Wote watatu wamekosea. Faili haina ugonjwa wowote. Imesomwa vibaya, basi. Jambo linaloweza kuiharibu kweli kweli ni lile ambalo mtu hufanya baada ya kuona maajabu hayo.

Tutaeleza polepole, ili hata asiyewahi kugusa kompyuta aelewe na aweze kuwaeleza wenzake.

MFANO WA SAA

Tuseme katibu ameandika kwenye karatasi: "Mkutano ni saa 2." Sisi tunaelewa ni asubuhi, watoto wakishaingia shuleni. Karatasi hiyo inamfikia afisa aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza. Anaona 2, anajua ni mchana, ile tunayoita saa nane. Anafika wakati mkutano umekwisha zamani na akina mama wamerudi shambani.

Je, karatasi iliharibika njiani? Hapana. Nambari ilikuwa 2 ilipoondoka na ilikuwa 2 ilipofika. Waliotofautiana ni wasomaji. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani ya kugeuza nambari kuwa wakati wa siku, na hakuna aliyemwambia mwenzake anatumia hesabu gani.

Sasa angalieni hatari yenyewe. Kama afisa huyo angechukua kalamu, akafuta "saa 2" na kuandika "saa nane", kosa lingekuwa limeingia kwenye karatasi. Yeyote atakayeisoma baadaye atapotea, hata kama anajua saa za Kiswahili. Kusoma vibaya hurekebishwa kwa kusoma upya. Kuandika vibaya juu ya kilichokuwa sahihi ni jambo lingine.

Mambo ya faili ni hayo hayo.

KOMPYUTA HAIJUI HERUFI

Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi nambari tu. Ukibonyeza A, inaweka 65. Ukibonyeza a ndogo, inaweka 97. Herufi n ni 110, na g ni 103. Wakati wa kusoma, kompyuta huchukua nambari moja moja, huangalia kwenye jedwali, kisha huchora herufi inayolingana nayo. Jedwali hilo ndilo mzizi wa mambo yote. Mafundi huita kazi hiyo usimbaji wa herufi.

Jedwali likiwa moja kwa mwandishi na kwa msomaji, hakuna neno. Lakini majedwali yako mengi, na faili ya maandishi ya kawaida haibebi cheti cha kusema "mimi niliandikwa kwa jedwali fulani". Programu inayoifungua mara nyingi hubahatisha. Ikibahatisha vibaya, nambari ni zile zile lakini herufi zinazochorwa ni nyingine.

Tuchukue neno ng’ombe. Ile alama katikati, shuleni tuliiita ritifaa. Katika jedwali linalotumika sana leo, liitwalo UTF-8, ritifaa iliyopinda huandikwa kwa nambari tatu: 226, 128 na 153. Sasa faili hiyo ikifunguliwa kwa jedwali la zamani la Windows, ambalo kila nambari ni herufi moja, 226 inakuwa â, 128 inakuwa € na 153 inakuwa ™. Alama moja imezaa tatu: ’. Lakini n, g, o, m, b na e hazikuguswa.

Herufi ũ nayo huandikwa kwa nambari mbili katika UTF-8, yaani 197 na 169. Jedwali la zamani linasoma 197 kama Å na 169 kama ©. Ndiyo maana mũndũ anakuwa mÅ©ndÅ©. Na ĩ ni 196 na 169, kwa hivyo mũtĩ unageuka kuwa mÅ©tÄ©.

Kwa hiyo maajabu haya yana utaratibu. Virusi havina tabia ya kubadilisha ũ kuwa Å© kila mahali kwa uaminifu namna hiyo. Ukiona alama zile zile zikirudi mahali pale pale, jua ni jedwali.

MAJEDWALI YALITOKA WAPI

Jedwali lililoenea mwanzoni lilitengenezwa Marekani na kutolewa mwaka 1963. Huitwa ASCII. Lilikuwa na nafasi 128 tu: herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za kuandikia, na amri za mashine. Mwingereza alitosheka. Mfaransa hakupata é yake, na Mwarabu hakupata hata herufi moja.

Baadaye watu wakaongeza nafasi nyingine 128 juu ya zile za kwanza. Lakini kila eneo likazijaza kivyake. Watu wa Ulaya Magharibi wakaweka herufi zao, Warusi zao, Wagiriki zao, Waarabu zao. Nambari moja ikawa na maana tofauti kila mahali, kama saa 2 yetu.

Jedwali la Ulaya Magharibi, ambalo Windows za Kiingereza zilitumia kwa mtindo wake, lilikuwa na ã na õ za Wareno, na ñ ya Wahispania. Lakini ũ na ĩ hazikuwemo. Wenye Kikuyu, Kikamba, Kiembu na Kimeru walibaki nje. Wengine wakaandika bila alama. Wengine wakaazima herufi za Kifaransa zenye kofia, ambazo zilikuwemo kwenye jedwali. Mpaka leo utakuta maandishi yanayosema Gîkûyû badala ya Gĩkũyũ.

Mwaka 1991 likatolewa toleo la kwanza la Unicode. Nia yake ilikuwa kubwa: kila herufi ya kila lugha ipewe nambari yake moja, isigombaniwe na nyingine. Leo Unicode ina herufi na alama zaidi ya 150,000, na ũ na ĩ zetu zimo.

Mwaka uliofuata, 1992, mafundi wawili, Ken Thompson na Rob Pike, walibuni namna ya kuziandika nambari hizo kubwa ndani ya faili. Waliichora jioni moja kwenye karatasi ya mezani ya mkahawa huko New Jersey, Marekani. Hiyo ndiyo UTF-8. Herufi 128 za kwanza waliziacha zilivyokuwa katika ASCII, nambari moja kwa herufi moja. Herufi nyingine zote zikapewa nambari mbili, tatu au nne. Kwa njia hiyo faili za zamani za Kiingereza ziliendelea kusomeka bila kuguswa, na lugha nyingine zikapata nafasi. Siku hizi kurasa nyingi sana za intaneti huandikwa kwa UTF-8.

KWA NINI MANENO MENGINE HUPONA

Hapa kuna mtego unaowapoteza wengi. Kwa kuwa majedwali karibu yote tunayokutana nayo yanakubaliana juu ya zile nafasi 128 za kwanza, Kiswahili hupona sana. Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama juu. Unaweza kusoma kurasa mbili nzima za kumbukumbu bila kuona shida, halafu ghafla ukakutana na ng’ano. Ndipo mtu husema, "Kumbe huyu katibu alikosea hapa tu." Hakukosea. Ni hapo tu ambapo majedwali yalitofautiana.

Jina la mwandishi wetu Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki mwaka 2025, lina mitego yote mitatu pamoja: ũ, ĩ na ritifaa. Likisomwa vibaya linatoka hivi: NgÅ©gÄ© wa Thiong’o.

Ritifaa yenyewe iko ya aina mbili, na macho hayatofautishi kwa urahisi. Kuna iliyonyooka ('), ambayo ni nambari 39 tangu ASCII na husomeka vizuri karibu kila mahali. Kuna iliyopinda (’), ambayo ndiyo yenye matata. Wewe hubonyeza iliyonyooka kwenye kibodi, lakini programu nyingi za kuandikia barua huibadilisha zenyewe kuwa iliyopinda, ati ndiyo nzuri zaidi. Simu nyingine pia hufanya hivyo.

Matokeo yake si ya sura tu. Kompyuta hulinganisha nambari kwa nambari. Programu nyingine ukiitafutia Murang'a yenye ritifaa iliyonyooka, haikuletei Murang’a yenye iliyopinda. Vilevile Wanjikũ na WanjikÅ© kwa kompyuta ni watu wawili. Tuseme orodha ya wanachama 30 imepelekwa kwa ajili ya mbegu au basari. Anayekagua akiitafuta kwa jina, mtu anaweza kuonekana hayumo hali yumo, au kuhesabiwa mara mbili. Hapo ndipo kikundi huanza kushukiana, na mweka hazina kuulizwa maswali ambayo hana majibu yake.

DALILI NNE

Mkifungua faili mkaona mambo, msikimbilie kulaumu. Angalieni kwanza ni dalili gani.

Ya kwanza: herufi mbili au tatu za ajabu badala ya moja, kama ’, Å© au Ä©. Faili iliandikwa kwa UTF-8, nayo imesomwa kwa jedwali la zamani. Hii ina dawa.

Ya pili: kijialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani yake (�). Hapa mara nyingi ni kinyume. Faili iliandikwa kwa jedwali la zamani, nayo imesomwa kama UTF-8. Kwa mfano, katika jedwali la zamani la Windows ritifaa iliyopinda ni nambari 146. Msomaji wa UTF-8 akikutana na 146 ikiwa peke yake, haelewi, anaweka kijialmasi. Hii nayo ina dawa, maadamu hakuna aliyehifadhi faili hiyo ikiwa katika hali hiyo.

Ya tatu: visanduku vitupu. Hapa jedwali huenda ni sawa, ila mtindo wa mwandiko uliochaguliwa hauna umbo la herufi hiyo. Badilisheni mtindo wa mwandiko, visanduku vitajaa.

Ya nne: alama ya kuuliza ya kawaida, kama m?nd?, au herufi tupu isiyo na alama, mundu. Hii ndiyo mbaya. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtu alihifadhi faili kwa jedwali lisilo na ũ. Programu ilitafuta nafasi ya kuiweka, ikakosa, ikaandika alama ya kuuliza au u tupu, na nambari ya asili ikatupwa. Hakuna fundi atakayeirudisha kutoka kwenye faili hiyo. Itabidi mrudi kwenye nakala ya kwanza au kwenye daftari.

FANYENI HIVI

1. Usihifadhi. Hii ndiyo amri ya kwanza na ndiyo kubwa. Ukiona maajabu, funga faili. Kompyuta ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, kataa. Kufungua na kutazama tu hakuharibu kitu. Kuseivu, kama vijana wanavyosema, ndiko kunakogeuza kosa la kusoma kuwa kosa la kuandika. Na mtu akihifadhi kosa hilo kisha mwingine akalisoma vibaya tena, linaongezeka: ritifaa moja iliyozaa alama tatu mara ya kwanza, mara ya pili inazaa nane.

2. Tengeneza nakala ya faili na ufanyie majaribio kwenye nakala. Ya asili iachwe ilivyo.

3. Mpigie aliyeituma. Muulize alitumia programu gani, na kama alihifadhi kwa UTF-8. Dakika mbili za simu zinaweza kuokoa siku nzima ya kuandika upya.

4. Ifungue upya kwa jedwali sahihi. Kama ni orodha ya kufunguliwa kwa Excel, aina ile inayoishia na csv, usiibonyeze mara mbili moja kwa moja. Fungua kwanza ukurasa mtupu wa Excel, nenda kwenye sehemu ya "Data", chagua kuleta maandishi kutoka faili, na pale panapouliza "File Origin" uchague 65001, yaani UTF-8. Ukitumia LibreOffice, yenyewe hukuuliza jedwali kabla ya kufungua. Watu wengi hubonyeza kukubali bila kusoma. Simama hapo, usome, uchague UTF-8.

5. Ukihifadhi yako, chagua UTF-8 wewe mwenyewe. Katika Notepad utaona mahali palipoandikwa "Encoding". Notepad ya Windows huchagua UTF-8 yenyewe tangu mwaka 2019, lakini kompyuta za zamani bado ziko nyingi, hivyo angalia. Katika Excel za sasa kuna aina kadhaa za csv kwenye orodha. Chagua ile iliyoandikwa "CSV UTF-8". Ile ya kawaida inaweza kutupa ũ na ĩ zako.

6. Kama kosa limeshahifadhiwa lakini bado unaona Å© na Ä©, usikate tamaa. Kwenye nakala, tumia amri ya kutafuta na kubadilisha. Badilisha Å© iwe ũ, Ä© iwe ĩ, na ’ iwe ritifaa. Zile kubwa pia zina alama zake: Ũ huonekana kama Ũ, na Ĩ huonekana kama Ĩ. Ukimaliza, mtu mwingine asome majina yote kwa sauti huku wewe ukifuata kwenye daftari.

7. Waraka wa kusomwa au kuprintiwa tu, ambao hautakiwi kubadilishwa, upelekwe kama PDF. Kwa kawaida PDF hubeba maumbo ya herufi zake yenyewe, kwa hivyo aliye mbali ataona kile mlichokiona ninyi.

MESEJI NAYO INA JEDWALI

Wengi wetu tunaita wanachama kwa meseji za simu. Hapa pia jedwali lipo, na linagusa mfuko.

Meseji moja ya kawaida huchukua herufi 160, ikitumia jedwali dogo la simu. Jedwali hilo lina ritifaa iliyonyooka, lakini halina ũ, ĩ wala ritifaa iliyopinda. Ukiweka hata moja tu kati ya hizo, simu hulazimika kuandika meseji yote kwa jedwali kubwa, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Meseji ikizidi hapo, hukatwa vipande vya herufi 67 kila kimoja.

Tufanye hesabu. Meseji ya herufi 150 kwa kawaida ni meseji moja. Mtu akiinakili kutoka kwenye barua iliyoandikwa kwa kompyuta, ikaja na ritifaa moja iliyopinda ndani ya neno ng’ombe, inakuwa vipande vitatu. Kikundi cha watu 40 kinachotumia huduma inayolipisha kwa kila kipande kitalipia vipande 120 badala ya 40. Ni alama moja tu iliyoleta gharama hiyo, na wala hakuna aliyeiona.

Kwa hiyo katika meseji za kuita watu, tumieni ritifaa iliyonyooka, na msinakili kutoka kwenye barua bila kuangalia.

LUGHA YA MAMA ISILAUMIWE

Baadhi ya watu wakisikia haya husema, "Basi njia rahisi ni kuacha alama zote." Tuwe waangalifu hapa.

Kuna mahali ambapo kuandika bila alama kunafaa. Katika orodha ya majina inayokwenda benki au serikalini, andikeni jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, hata kama ninyi nyumbani hulitamka na kuliandika vingine. Huko kinachotakiwa ni jina lilingane. Nambari ya kitambulisho iwekwe kando ya kila jina, kwa sababu tarakimu zimo katika zile nafasi 128 na hazigeuki.

Lakini kumbukumbu za kikundi ni kitu kingine. Mzee akieleza mipaka ya chemchemi ya kijiji kwa Kikamba, au mama akitaja majina ya mbegu za kienyeji kwa Kimeru, hayo yaandikwe kama yalivyosemwa. Kikuyu kina irabu saba, na ĩ na ũ ni mbili kati yake. Si mapambo. Ukiziacha, umeandika kwa irabu tano lugha yenye saba, na mjukuu atakayesoma miaka ishirini ijayo itabidi abahatishe.

Zamani mtu angeweza kusema mashine hazina nafasi kwa herufi hizo. Leo hawezi. Nambari za ũ na ĩ zimo kwenye jedwali la dunia nzima, sawa na za Mfaransa na Mwarabu. Karani akiwaambia, "Kompyuta yetu haikubali lugha yenu," mwambieni kwa heshima ajaribu kufungua faili hiyo kwa UTF-8. Mara nyingi atashangaa mwenyewe.

Na daftari lisitupwe. Kalamu haina jedwali la kubahatisha. Siku faili itakapokuja na m?nd? na m?t?, shahidi wa pekee atakuwa karatasi iliyoandikwa na katibu mkutanoni na kutiwa sahihi na mwenyekiti.

MAMBO YA KUAZIMIA MKUTANONI

Yafaa kikundi kipitishe maneno machache na kuyaandika kwenye kumbukumbu:

Kwamba faili zote za kikundi zitahifadhiwa kwa UTF-8, na kila anayetumiwa faili ataambiwa hivyo.

Kwamba hakuna atakayehifadhi faili iliyofunguka vibaya kabla ya kuuliza aliyeituma.

Kwamba juu ya kumbukumbu za kila mkutano utawekwa mstari mmoja wa majaribio, kwa mfano: ng’ombe, mũndũ, mũtĩ. Msomaji akiona mstari huo uko sawa, aendelee. Akiona umegeuka, afunge faili na kupiga simu.

Kwamba orodha ya majina ikitumwa, katibu atapiga simu na kusema ina watu wangapi, na atasoma majina matatu yenye alama ili yalinganishwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kikundi chetu kimewahi kurudishiwa orodha kwa sababu majina hayalingani? Tulimlaumu nani, na sasa tunaonaje?

2. Katika majina ya wanachama wetu na ya mahali petu, ni yapi yenye ritifaa au alama juu? Yaandikeni yote kwenye karatasi moja na mkubaliane yataandikwaje kwenye orodha rasmi.

3. Nani hutuandikia kazi zetu kwenye kompyuta? Je, anajua jedwali ni nini? Nani atamweleza?

4. Faili zetu zikipotea alama zote leo, daftari letu lingetosha kuzirudisha?